Kipindi cha wajina: namna ya kurekodi wageni watatu wa jina moja bila kumpoteza msikilizaji

Maswali ni yale yale kila mtu anapotaka kuanza kipindi cha aina hii hapa Mwanza. Wajina nitawapata wapi? Niwakalishe pamoja au mmoja mmoja? Msikilizaji atajuaje anayeongea sasa ni Shija yupi? Simu yangu inatosha? Nayaweka majibu hapa ili ukikwama saa sita usiku katikati ya kuhariri usilazimike kumwamsha mtu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unachukua jina moja, unatafuta watu watatu wanaoitwa hivyo ambao njia zao hazikutani, unawauliza maswali yanayofanana, unaunganisha. Wageni hawasumbui kupatikana. Jina la Kisukuma lililozoeleka halikosi mwenyewe mtaa wowote kuanzia Igoma hadi Kayenze. Kinachowashinda wengi ni sikio. Kwenye runinga sura hutofautisha watu, lakini kwenye podikasti jina ndilo msikilizaji alilokuwa anashikilia, na wewe umempokonya makusudi. Kiswahili nacho hakikuokoi: "alisema", "alikwenda", "yeye", hakuna hata kimoja kinachoonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Hatua nyingi hapa chini zipo ili umrudishie msikilizaji kile ulichomnyang'anya.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Simu yenye programu ya kurekodi inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa), au kinasa sauti kidogo cha mkononi.
- Maiki mbili za kubana kifuani, kila moja na kofia yake ya sifongo. Kama utarekodi ufukweni, ongeza ile ya manyoya. Sifongo peke yake haiwezi upepo wa ziwa.
- Hedifoni za waya. Za bila waya huchelewesha sauti na hukuficha kasoro.
- Nafasi kwenye kadi ya kumbukumbu. WAV ya kawaida ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti (44.1 kHz, biti 16), hula MB 5 na ushee kwa dakika, yaani kama MB 320 kwa saa. Maiki mbili, zidisha mara mbili.
- Kompyuta yenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Ni ya bure na inatosha kabisa.
- Daftari la karatasi.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida.
- Nauli ya wageni na kitu cha kunywa.

Kamera iache. Ukishaanza kuwaza picha utategemea sura kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na maneno, na toleo la sauti litakuwa vurugu.

Hatua ya 1: Chagua jina linalovuka mipaka

Jina zuri ni lile linaloweza kubebwa na mwanamke au mwanamume, mzee au kijana, Mwislamu au Mkristo. Shija linafaa sana: anayefuata baada ya mapacha Kulwa na Doto huitwa hivyo, awe wa kike au wa kiume. Unaweza kumpata bibi wa Magu na dereva wa bodaboda wa Buhongwa kwa jina hilo hilo. Ukichagua Mabula utapata wanaume, ukichagua Kabula utapata wanawake. Siyo kosa, ila umejifungia mlango mmoja kabla hujaingia.

Amua pia kama unataka jina la kwanza au la ukoo. Kuna akina Shija wengi ambao hilo ni jina la babu tu, na hakuna mtu anayewaita hivyo. Ushauri wangu: chukua wale ambao wakiitwa "Shija!" stendi ya Nyegezi wanageuka.

Angalizo: usitumie dakika kumi za mwanzo kueleza asili ya jina. Msikilizaji wa Kanda ya Ziwa anaijua tangu utotoni, wa Mtwara inamtosha sentensi moja.

Hatua ya 2: Tafuta maisha yanayopishana

Hapa ndipo watu huenda kwa mazoea: wanatafuta tajiri mmoja na maskini mmoja, wanawakalisha, wanasubiri machozi. Kipindi cha namna hiyo unajua kitakavyoishia kabla hujakisikiliza, na mgeni maskini anajua ameitwa kwa kazi gani. Tafuta tofauti za aina nyingine. Nani anaishi kwa saa za usiku na nani kwa za mchana? Nani anategemea maji, nani barabara? Nani amehama mara nyingi, nani hajawahi kulala nje ya kata yake?

Tuseme umepata Shija mvuvi wa dagaa mwaloni Igombe, Shija muuguzi wa zamu Bugando, na Shija aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na foleni ikafa. Kwa haraka hawana linalowaunganisha. Lakini wawili wa kwanza wote wanafanya kazi watu wengine wamelala, na huyo wa tatu riziki yake iliondoka kwa jambo ambalo wagonjwa wanaokimbizwa Bugando kutoka Sengerema walilingojea kwa miaka. Sasa una kipindi.

Kuwapata, usianze na mitandao. Mwaloni, jitambulishe kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), ueleze unachotaka. Wakikubali watakupeleka wenyewe. Mtaani, mwenyekiti wa mtaa na vijiwe vya bodaboda wanajua majina ya watu kuliko programu yoyote. Kama una rafiki anayesoma chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, mwombe aulize darasani. Kwa mtu wa hospitali au ofisi ya umma, fahamu kwamba huenda akahitaji kibali cha mwajiri akitaka kuzungumzia kazi. Na wodini usiingie na maiki, hata ukiruhusiwa na rafiki.

Hatua ya 3: Ongea naye kabla ya siku yenyewe

Dakika kumi za simu zinatosha. Msalimie ipasavyo, "shikamoo" kwa aliyekuzidi, na kama unaweza kutamka "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ikaeleweka, itumie. Kisha mweleze mambo matatu bila kuyazungusha: kwamba atashiriki kipindi na wajina wake wawili, kwamba maisha yao hayafanani na ya kwake, na kwamba kipindi kitabaki mtandaoni.

Uliza pia kama kuna jambo asingependa kuguswa. Huku ziwani hili si adabu tu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na familia nyingi za pwani hii zilipoteza watu. Ukimuuliza mtu ghafla kama anaogopa kusafiri kwa meli, unaweza kuwa umemfungulia kaburi mbele ya maiki. Akikwambia mapema, mtapanga pamoja kama aliongelee au lipite.

Ridhaa isainiwe, au isemwe kwa sauti mwanzoni mwa rekodi kwa asiyependa karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti ya mtu pamoja na jina na kazi yake ni taarifa zake. Kama kipindi chako kina sura ya habari na matukio, pita pia ofisi ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) Kanda ya Ziwa uulize kuhusu leseni chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake.

Hatua ya 4: Mpe kila mgeni kitambulisho cha sikio

Hii ndiyo hatua ya kutokuruka. Fanya unavyofanya kwenye simu yako: hakuna mtu aliyehifadhi "Shija" tupu. Kuna Shija Fundi, Shija Dagaa, Shija wa Pasiansi. Chagua kitambulisho kimoja kwa kila mgeni, cha mahali au cha kazi, na ukitumie bila kukibadilisha toka mwanzo hadi mwisho. Ukianza na "Shija wa Igombe", usije ukamwita "Shija mvuvi" dakika ya ishirini, maana msikilizaji atadhani ameingia mtu wa nne.

Vitambulisho vianze kwa sauti tofauti na viwe vya aina moja: Shija wa Igombe, Shija wa Bugando, Shija wa Kigongo. Na mwenyewe akubali. Usimbandike mtu "Shija wa Mahindi" kama yeye haoni hivyo. Sasa hivi huenda anauza nguo Makoroboi.

Angalizo kubwa kwa heshima zetu: usimwite mgeni mwanamke mtu mzima "mama Shija". Msikilizaji ataelewa kwamba ni mama yake Shija, na kwa kuwa umemwalika Shija mwingine kijana, tayari umewazalisha hewani. Sema "Bi. Shija wa Kigongo", au "mama" peke yake unapomwelekea. "Mzee Shija" halina shida kama mzee ni mmoja tu.

Hatua ya 5: Andika maswali ya pamoja

Maswali matano hadi saba ambayo wote wataulizwa kwa maneno yale yale. Haya hunipa majibu mazuri:

- Jana saa kumi na moja alfajiri ulikuwa wapi, na nani mwingine alikuwa macho?
- Fedha ya mwisho uliyoshika mkononi ilitoka kwa nani?
- Nani anakuita Shija, na nani anakuita kwa jina lingine?
- Ziwa likichafuka, wewe unajuaje?
- Kitu gani ulikiacha mwaka huu?

Hayamuulizi mtu habari ya "mafanikio" wala "changamoto". Ukitumia maneno hayo utajibiwa kama kwenye risala ya mgeni rasmi. Swali la ziwa nalipenda zaidi: mvuvi atakujibu kwa upepo na rangi ya maji, wa hospitalini pengine kwa idadi ya watu mapokezi, na wote wanazungumzia usiku ule ule.

Baada ya hayo, kila mgeni awe na maswali yake mwenyewe.

Hatua ya 6: Panga siku kwa kalenda yao

Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa imejaa, taa hazivuti dagaa, na wengi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku zako. Ukimfuata kipindi cha usiku wa giza, mchana utamkuta anatengeneza nyavu au amelala, na atakujibu kwa mkato. Thibitisha lakini kwamba atakuwepo, kwa sababu wengine hutumia mapumziko hayo kwenda nyumbani.

Mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba usimguse asubuhi. Mtu wa zamu mfuate siku yake ya mapumziko, siyo asubuhi anapotoka zamu ya usiku, hata akisema hana shida. Mgeni wa Sengerema sasa anafika kwa barabara bila kungojea kivuko. Wa Ukerewe ana meli ya kuja Mwanza, au azunguke kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya na Bunda. Vyovyote vile siku yake nzima imekwisha, kwa hiyo mfuate wewe kama unaweza.

Hatua ya 7: Rekodi mmoja mmoja kwanza

Wakikaa pamoja toka mwanzo, mmoja atakuwa mwenyeji na wengine watakuwa mashahidi wake. Mara nyingi mwenye elimu zaidi hushika usukani bila hata kukusudia, na wenzake wanaanza kusema "kama alivyosema wajina". Kwa hiyo:

a) Tafuta chumba chenye mapazia, godoro, nguo. Chumba kitupu cha saruji kitafanya kila mtu asikike yuko kisimani. Epuka bati lisilo na dari msimu wa mvua; ikinyesha, kazi imekwisha.

b) Ufukweni rekodi asubuhi. Kuanzia mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na maiki itakoroma.

c) Weka simu kwenye hali ya ndege. Ya mgeni pia.

d) Anza kila faili kwa kusema: tarehe, mahali, kitambulisho kamili. "Huyu ni Shija wa Bugando." Mgeni naye ajitaje. Ukiwa na mafaili matatu yote yanaitwa "Shija_mahojiano", utanikumbuka.

e) Mwambie ajibu kwa sentensi kamili. Akiulizwa alikuwa wapi jana alfajiri, asiseme "majini" tu. Aseme "Jana alfajiri nilikuwa majini". Bila hivyo hutaweza kuliondoa swali lako wakati wa kuhariri.

f) Mkimaliza, nyamazeni sekunde 30 huku maiki inarekodi. Ule ukimya wa chumba utazibia mapengo.

g) Nasa pia sauti za mahali pake: injini ya mtumbwi, honi za stendi, kunguru, redio ya jirani. Dakika mbili tatu kila sehemu.

Hatua ya 8: Wakutanishe, kama wanataka

Hii si lazima. Wakikubali, iwe baada ya rekodi za peke yao, na iwe fupi. Usiwaulize "mnajisikiaje kukutana na wajina wenu". Wape nafasi waulizane wao. Kila mmoja aje na swali moja kwa mwenzake. Mkiwa na maiki mbili tu, weka moja kwa mwenye sauti ndogo na nyingine katikati ya wawili waliobaki, karibu nao.

Wewe kaa kimya. Kazi yako hapa ni kutaja vitambulisho tu pale wanapopishana maneno.

Hatua ya 9: Hariri kwa swali

Una njia mbili: kumpa kila mgeni sehemu yake nzima, au kusuka majibu yao chini ya kila swali. Mimi hufanya mseto. Dakika tatu hadi nne za kwanza kila mgeni anasikika peke yake, na sauti za mahali pake zikiwa chini, ili sikio limzoee. Kisha ndipo nasuka. Ukianza kusuka kuanzia sekunde ya kwanza, watu watazima kabla ya dakika ya tano.

Kila sauti inapobadilika, taja kitambulisho, kabla au ndani ya sekunde chache baada ya mgeni kuanza. Utahisi unarudia mno. Msikilizaji anayesonga ugali huku anasikiliza hatahisi hivyo.

Panga wageni ili sauti zinazofanana zisifuatane. Kama una wanaume wawili wa sauti nzito, mwanamke akae katikati.

Kwenye Audacity, kata mngurumo wa chini ya Hz 80, kisha sawazisha ukubwa wa sauti: -19 LUFS kwa mono, -16 kwa stereo. Mgeni mmoja akisikika kwa nguvu kuliko wenzake, ataonekana ndiye mkuu wao.

Hatua ya 10: Mjaribie mtu asiyejua chochote, kisha pandisha

Mpe jirani asikilize dakika kumi kutoka katikati, siyo mwanzo. Simamisha mara kadhaa ghafla na uulize: huyu ni yupi? Akikosea, rudi hatua ya 9.

Toa MP3 ya mono, kbps 64. Nusu saa itakuwa kama MB 14 badala ya karibu 29 za kbps 128, na wasikilizaji wako wengi wananunua bando la siku. Kwenye maelezo andika vitambulisho vyote vitatu. Namba za simu za wageni usiweke, hata zikiombwa na wafanyabiashara wenye nia njema.

Ukikwama

*Sauti mbili zinafanana kabisa.* Acha sauti ya mahali iendelee chini ya mmoja wao muda wote, kwa mbali. Injini ikisikika, ni wa Igombe.

*Mgeni anahamia Kisukuma.* Mwache amalize. Tafsiri kwa sauti yako mwenyewe juu yake baada ya sentensi moja ya asili. Usiajiri sauti ya nne, utaleta mtu mwingine kwenye masikio yaliyokwisha kuchoka.

*Mgeni yuko mbali na hamwezi kuonana.* Ajirekodi kwa simu yake kwenye chumba chenye nguo, halafu atume faili kama waraka kwenye WhatsApp. Ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa sana, na pembeni ya wenzake atasikika wa hali ya chini.

*Mmoja amejitoa baada ya kurekodi.* Mtoe. Kipindi cha wajina wawili bado ni kipindi. Usimrudishe kwa kumbadilisha sauti, kwa sababu jina ndilo wazo lenyewe, na mtaani kwake watamjua.

*Mmoja ameona aibu baada ya kusikia maisha ya wenzake.* Angalia ulivyowapanga. Mara nyingi umemweka wa mwisho kwenye kila swali, na jibu lake linasikika kama upungufu. Zungusha mpangilio, kila swali lianze na mgeni tofauti.

*Nauli imekwenda kwa Shija mwingine.* Ujumbe wa kuthibitisha muamala ulionyesha jina, na wewe uliona Shija ukabonyeza. Linganisha jina la pili na tarakimu nne za mwisho za namba kabla ya kutuma. Ikishatokea, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mara moja kuomba muamala urejeshwe, kisha mpigie huyo aliyepokea. Naye ni mgeni wako, atakuelewa.